La Mgambo Likilia, Litaje Jambo

 

Safu hii imezoea kuzungumza habari za ndoa, malezi na mirathi. Wiki hii tumeazimia kuzungumzia jambo ambalo huenda msomaji akastaajabu kulikuta hapa: maneno ambayo kompyuta huyaandika kwenye kioo chake pale inapowashwa, kabla haijawa tayari kutumika. Sisi si mafundi wa vyombo hivi, na tuliyoyajua tumeyajua kwa kuuliza na kusoma. Lakini maneno hayo yalitutia hasarani, na hasara yenyewe ilimfikia mtu ambaye hajapata kuigusa kompyuta maisha yake yote. Ndipo tulipoona si haki kunyamaza.

Kisa chenyewe ni hiki. Madrasa yetu ina kompyuta moja kuukuu, tuliyopewa na mtu wa kheri. Ndani yake tuliweka daftari la mayatima na wajane wa mtaa: jina la kila mmoja, nyumba anayokaa, idadi ya watoto, na fungu lake katika zakatul-fitri. Ustadh mmoja kijana ndiye aliyekuwa akiiwasha kila asubuhi. Mwanzoni mwa Shaabani, kompyuta ikawa kila ikiwashwa huandika kwa herufi nyeupe juu ya weusi, kwa Kiingereza, maneno ya maana hii: diski mojawapo yahitaji kukaguliwa uwiano wake, ukitaka kuuruka ukaguzi, bonyeza kitufe chochote kabla ya sekunde hizi kwisha.

Kijana akabonyeza. Wanafunzi walikuwa wakimngoja, na ukaguzi huo hakujua ni wa nini. Kesho yake akabonyeza tena, na keshokutwa, na mwezi wa Ramadhani ukaingia akiwa angali abonyeza. Kumi la mwisho lilipofika, asubuhi moja kompyuta iliwaka, ikaandika mstari mmoja mfupi kwamba haikuona mfumo wa kuanzia, kisha ikanyamaza. Fundi tuliyemwita alitwambia kwamba diski ilikuwa ikifa kwa wiki nyingi, na kwamba kila asubuhi kompyuta ilikuwa ikitwambia.

Nakala nyingine hatukuwa nayo. Tuliketi wazee watatu baada ya tarawehe, tukaliandika daftari upya kwa kukumbuka: nyumba kwa nyumba, kichochoro kwa kichochoro. Tukagawa usiku wa kuamkia Idi, tukamshukuru Mola. Siku ya tatu ya Shawwali ndipo tulipopata habari ya kwamba mjane mmoja, mama wa watoto wanne, tulimsahau. Hakuja kuuliza. Alipoona watu wamepita mlango wake, alidhani ya kuwa mwaka huu wamepatikana wahitaji zaidi yake, akaona haya kudai. Tulikwenda kumtaka radhi, na alitusamehe kabla hatujamaliza maneno. Lakini fitri ina wakati wake, na wakati ulikuwa umepita. Fungu lake lilikwisha kugawiwa kwa wengine. Tulichompelekea siku ile kilikuwa sadaka kama sadaka nyingine, na watoto wake walikuwa wameshaipitisha Idi.

Je, kosa lilikuwa la nani? La kwanza lilikuwa letu, tulioweka amana ya watu mahali pamoja bila ya nakala. La pili lilikuwa la kuona haya kuuliza, nasi tulio wakubwa ndio tuliowazoesha vijana wetu kuona haya. Lakini kila tukiufikiri ujumbe ule, twaona kwamba aliyeuandika naye ana sehemu yake. Ulisema «uwiano», neno ambalo kwa mtu wa kawaida halina maana likitajwa pamoja na diski. Haukusema kwamba kazi zaweza kupotea. Haukusema kwamba jana pia uliandikwa, na juzi, na mtondo. Tena njia nyepesi kuliko zote iliyoonyeshwa ilikuwa ni ile ya kuuruka.

Wahenga wetu wa pwani walisema, la mgambo likilia lina jambo. Pembe ikipigwa mjini, watu waliacha shughuli wakajua pana habari. Lakini tukumbuke kwamba pembe pekee haikutosha. Ilipigwa ili watu wakusanyike, kisha mpiga mbiu akalitaja jambo lenyewe: ni nini, linamhusu nani, na watu wafanye nini. Lau angepiga pembe kila siku akaenda zake bila ya kusema neno, wiki ya pili hapana ambaye angeinua kichwa. Hivyo ndivyo kompyuta nyingi zilivyofanya miaka na miaka.

Ili tufahamiane, natueleze kwa ufupi yanayopita kompyuta inapowashwa. Mwanzo kabisa haijui lolote. Programu ndogo iliyotiwa ndani ya chombo tangu kiwandani huamka kwanza, ikakagua kumbukumbu, kibodi na diski. Kisha huutafuta mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayozitawala programu nyingine zote, ikaukabidhi usukani. Kiini cha mfumo huo huamsha vifaa kimoja kimoja. Mwisho huanzishwa huduma: mtandao, saa, printa, na nyinginezo. Katika kila hatua paweza kutokea hitilafu, na hatua za mwanzo ndizo zenye taabu zaidi ya kusema, kwa kuwa njia za kusemea zenyewe bado hazijaamka.

Kwa sababu hiyo kompyuta za zamani zilisema kwa milio. Kioo kisipowaka, chombo hulia mara moja, au mara tatu, au mlio mrefu ukifuatwa na mifupi, na kila hesabu ina maana yake. Ni hekima njema, ila watengenezaji hawakuafikiana. Mlio mmoja mfupi kwa mtengenezaji huyu ulikuwa na maana kwamba mambo ni salama. Katika orodha ya mwenziwe, mlio huo huo ulikuwa dalili ya hitilafu ya kumbukumbu. Sisi tuliosomeshwa msahafu twajua faida ya alama ndogo zenye maana moja. Mim ndogo juu ya mstari yatuambia tusimame lazima. Lam-alif yatuambia tusisimame. Jim yatupa hiari. Na ikiwa chapa za nchi moja zatafautiana na za nyingine, basi nyuma ya msahafu huandikwa ubainifu wa alama zake, ili msomaji asipotee. Milio ya kompyuta haikuwa na ukurasa wa nyuma. Mwenye chombo alilazimika kuutafuta ubainifu ndani ya kitabu cha mtengenezaji, kitabu ambacho aghalabu kilikuwa kimepotea siku nyingi.

Hata zilipoanza kuandika maneno, hazikuwa na nafuu kubwa. Ulikuwako ujumbe mashuhuri uliosema kwamba kibodi haikuonekana, kisha ukamwamrisha mtu abonyeze kitufe cha F1 ili aendelee. Atabonyezaje kitufe cha kibodi isiyokuwako? Ulikuwako na ule uliotokea mtu alipoisahau ndani diski laini ya kuchomeka: kompyuta iliandika kwamba diski si ya mfumo au ina hitilafu, ibadilishwe, kisha kipigwe kitufe chochote. Diski ilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa nzima. Kilichotakiwa ni kuitoa tu. Kwa sentensi ile moja watu wangapi walidhani kwamba wamekiharibu chombo, Mungu ndiye ajuaye.

Wako hata hivyo waliolitazama jambo hili kwa adabu, nao twataka kuwataja kwa kheri. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo kamili uliojengwa juu ya kiini hicho na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Watu hao hawakuwa na mwajiri mmoja wala lugha moja ya mama, na kila mmoja alitunza sehemu yake. Lau wangeachiwa, kila huduma ingetangaza kuanza kwake kwa namna yake. Basi katika kanuni zao waliweka mlango mahsusi juu ya ujumbe unaotoka wakati wa kuanza. Ujumbe utoshe katika mstari mmoja, chini ya herufi 80. Uanze kwa herufi kubwa, umalizike kwa nukta. Kazi ikiwa ya kuchukua muda, ziwekwe nukta tatu ili mtu ajue kwamba bado inaendelea. Kompyuta ionekane kana kwamba yamwambia mtumiaji inachokifanya, tena kwa upole, lakini isijitaje nafsi yake.

Kanuni hii ya mwisho ilitufikirisha sana. Haisemi, «Mimi sasa naanzisha mtandao.» Husema kinachoanzishwa, basi. Kwa Kiswahili jambo hili lina ugumu wake, kwa kuwa kitenzi chetu hakisimami bila ya mwenyewe: ni naanzisha, au inaanzisha, au tunaanzisha. Lakini lugha yetu ina mlango mwingine, na ni mzuri zaidi: «Huduma za mtandao zinaanzishwa.» Hapo chombo kimejificha, na jambo limejitokeza mbele. Hiyo ndiyo adabu ya mjumbe. Mjumbe mwema husahauliwa, ujumbe wake ukakumbukwa.

Kiini cha Linux nacho kina mpango wa daraja. Kila ujumbe hupewa nambari kutoka 0 hadi 7. Sufuri ni kwamba mfumo hautumiki tena. 1 ni jambo la kushughulikiwa papo hapo. 3 ni hitilafu. 4 ni onyo. 6 ni taarifa tu. Na 7 ni maelezo ya mafundi wanaochunguza kasoro. Mwanafunzi wa elimu ya Hadithi hatastaajabu. Maulamaa wetu walipolazimika kupima mapokezi maelfu kwa maelfu, hawakuandika kila mmoja kwa maneno yake kwamba hii inanipendeza na ile inanitia shaka. Walikuja na istilahi, sahihi, hasan na dhaifu, pamoja na matawi yake, na aliyesoma istilahi hizo akajua amelibebea kila pokezi uzito gani.

Ila mpango wa daraja hauponi kwa kuwekwa tu. Hupona kwa uaminifu wa wanaoutumia. Wanaoandika programu za vifaa ni wengi, na kila mmoja hukiona chake ndicho kikubwa. Kwa hivyo kompyuta iliyo nzima kabisa yaweza kuwaka ikiandika neno la hitilafu mara kadha wa kadha, na mambo yakaenda salama. Isitoshe, mistari hiyo hupita kwenye kioo kwa haraka, aghalabu ikiwa na rangi moja, na daraja yenyewe haikuandikwa. Mtumiaji hujifunza somo moja tu: kutosoma. Siku litakapokuja onyo la kweli, litamkuta amekwisha kuzoea. Ustadh wetu hakuwa mzembe. Alikuwa amefunzwa na kompyuta yenyewe kwamba maneno yake si ya kusikilizwa.

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa programu ya kuanzishia huduma iitwayo systemd, na mwaka 2015 Debian nayo ikaanza kuitumia katika toleo lake la 8. Wapo walioipinga kwa hoja za kiufundi, na hayo si yetu. Kinachotuhusu ni kioo chake. Kila huduma hupata mstari mmoja, na mwanzoni mwa mstari, ndani ya mabano, huandikwa kwa kijani kwamba sawa, au kwa nyekundu kwamba imeshindwa. Asiyepambanua rangi husoma neno; asiyewahi kusoma neno huona rangi. Ikishindwa huduma, mtu huelekezwa amri ya kuandika ili apate maelezo zaidi. Na ikiwa pana kinachongojwa, huandikwa ni kitu gani, muda uliokwisha kupita, na ukomo wa kungoja, ambao kwa kawaida ni dakika moja na nusu. Anayejua kwamba ataketi dakika moja na nusu huketi. Asiyejua ndiye anayeng'oa waya.

Upande wa pili wako walioona dawa ni kunyamaza. Kioo hupambwa kwa nembo ya mtengenezaji na duara linalozunguka, na maneno yote yakafichwa nyuma. Hatuwalaumu kabisa, kwani bibi anayetaka kuzungumza na mwanawe aliye Oman hana haja ya kuambiwa kwamba saa ya ndani imeamka. Macintosh ya mwaka 1984 ilimwonyesha mtu kompyuta ndogo yenye uso wa tabasamu mambo yakiwa mazuri, na uso wa huzuni yakiharibika. Lakini chini ya uso ule wa huzuni palikuwa na tarakimu ambazo mwenye nyumba hakuweza kuzifasiri. Windows 8, mwaka 2012, nayo iliweka uso wa huzuni kwenye kioo cha buluu cha hitilafu, na mwaka 2016 Windows 10 ikaongeza alama ya miraba ya kupigwa picha kwa simu. Kusikitika pamoja na mtu ni jambo jema. Lakini mtu aliyefikwa huhitaji pole na mwongozo, na uso wa huzuni ni pole peke yake.

Upungufu huo ulionekana ulimwenguni kote siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilitoa sasisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft yenyewe kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Safari za ndege zilisimama, hospitali na benki zikatatizika. Mbele ya kila chombo alisimama mtu akisoma kwamba kompyuta imekumbana na tatizo na yahitaji kujianzisha upya. Ikajianzisha upya, ikakumbana nalo tena, ikaandika yale yale. Dawa yenyewe ilikuwa ni kuifungua kompyuta kwa njia ya usalama na kulifuta faili moja, na kwa nyingi katika kompyuta hizo ilibidi mtu aende akakae mbele ya kila moja. Ujumbe uliokuwa kiooni haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa kweli usiomfaa aliyeusoma.

Hapo ndipo tulipofika katika kuzingatia kwetu: kwamba ukweli peke yake hautoshi kuwa ubainifu. Kitabu chetu kitukufu, katika Sura ya Ibrahim, chatujuza kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, na sababu imetajwa papo hapo, nayo ni kuwabainishia. Ikiwa neno la mbinguni liliteremshwa kwa lugha ya wanaoambiwa, neno la mashine ni nani hata liwe juu ya kanuni hiyo? Twaona ujumbe wa kuwashia una deni la mambo manne kwa mwenye kuusoma. Useme kilichotokea kwa maneno ayajuayo. Useme una uzito gani, ili asihofu bure wala asipuuze. Useme afanye nini, na asipofanya patakuwa nini. Na useme vivyo hivyo leo na kesho, kwa neno lile lile, ili likibadilika ajue limebadilika jambo.

Tulijaribu kuuandika upya ujumbe uliotuponza, na wasomaji mafundi wataturekebisha: «Kompyuta haikuzimwa vizuri, au diski ina hitilafu. Ukaguzi utaanza sasa. Usizime umeme hadi umalizike. Ukaguzi huu umekwisha kurukwa mara 12. Ukirudi tena baada ya kumalizika, nakili kazi zako mahali pengine leo na umwite fundi.» Ni sentensi tano. Lau zingelikuwako, twaamini kwamba yule mama angelipata haki yake siku ya haki yake.

Kiswahili chatosha kwa kazi hii. Mwaka 2004, kwa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hazikuwa ujumbe wa kuwashia, lakini zilithibitisha kwamba mambo ya kompyuta yasemeka kwa lugha yetu. Tena herufi tunazoandikia leo hazina vitone wala vikofia, kwa hivyo zaweza kuonyeshwa hata katika hatua zile za mwanzo ambapo kompyuta ina herufi chache tu. Sisi tuliojifunza kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu twaipenda hati ile na twaisikitikia ikipotea, lakini twakiri kwamba kuziunga herufi zake na kuziandika kutoka kulia ni kazi isiyowezwa na kioo cheusi cha mwanzo.

Jambo moja tu twawaomba vijana wetu wanaotafsiri: wachague neno moja kwa jambo moja, walishike. Tumeona simu inayosema «washa» hapa, «anzisha» pale na «fungua» kwingine, na maana ni moja. Na zaidi ya hayo, neno «kosa» walitumie kwa uangalifu. Kwetu kosa lina mkosaji. Mzee akiisoma simu yake ikimwambia «kosa», huikabidhi kwa mjukuu na haishiki tena, akidhani ameharibu mali ya watu. «Hitilafu» ni neno lenye insafu. Lataja kasoro bila ya kumnyooshea mtu kidole. Hata «tatizo» lafaa. La muhimu ni mtu asitiwe hatiani na chombo chake mwenyewe.

Hadi waandishi wa mifumo watakapotusikia, nyumba zetu zina la kufanya. Ujumbe mpya ukitokea kiooni wakati wa kuwasha, usibonyeze kitu; upige picha kwa simu, kisha umwonyeshe ajuaye. Ikiandikwa usizime, usizime, hata likichukua saa nzima. Ikiwa umeme wa kwenu wakatika mara kwa mara, kipakatalishi kiwekewe chaji kwanza kabla ya masasisho. Ujumbe uliorudi mara tatu si wa kurukwa mara ya nne. Kila amana ya watu, iwe daftari la chama, la maziko au la zakati, iwe na nakala mbili, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Wala mtoto asikaripiwe kwa kuuliza maana ya maneno ya kiooni. Yule anayekaripiwa leo ndiye atakayebonyeza kimya kimya kesho.

Sisi madrasani tumerudisha daftari la karatasi, jalada gumu, likae kabatini sambamba na la kompyuta. Kando ya kioo tumebandika karatasi yenye ujumbe uliozoeleka na maana zake kwa Kiswahili, kama ule ukurasa wa nyuma wa msahafu. Ustadh wetu ndiye aliyeuandika kwa mkono wake, na jina la yule mama liko katika mstari wa kwanza wa daftari jipya.

Na kabla hatujawanyooshea kidole waandishi wa programu, natujitazame. Ni mara ngapi twamtumia mtu ujumbe wa «njoo nyumbani haraka» bila ya kusema neno jingine, akaja mbio na moyo mkononi, akakuta ni mtungi wa gesi umekwisha? Ni mara ngapi twatangaza msikitini kwamba pana mkutano muhimu, na kila mkutano kwetu ni muhimu, hata watu wakaacha kuja? Na mzee anapoingia nyumbani jioni uso umekunjamana, watoto wakanyamaza kila mmoja akidhani kosa ni lake, kumbe ni uchovu wa kazi tu, je, huo nao si ujumbe usiobainika? Mwenye kusema naalitaje jambo, uzito wake, na anachokitaka. Ni haki ya anayesikiliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye kubainisha na masikio yasiyozoea onyo, atusamehe tulichokipoteza katika amana za watu, na awaruzuku wajane na mayatima wetu kwa njia wasizozitarajia. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.